Hita ya maji Tanga: kinachoiua mara nyingi hutoka nje yake

Watu wa bara wakitutembelea Tanga mwezi wa Februari huuliza hita ya maji ni ya nini katika mji ambao maji ya bomba hutoka yakiwa yamekwisha kupashwa na jua. Kwa mwezi huo hawajakosea. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, kusi inapovuma usiku kucha, maji yaliyolala kwenye tangi la juu huwa na ubaridi wa kutosha kumfanya mzee mwenye baridi yabisi aahirishe kuoga hadi jua lipande. Nyumbani kwetu anayeitegemea hita zaidi ni mama mkwe wangu, ambaye hutia udhu wa alfajiri kwa maji ya vuguvugu mwaka mzima, na ndiye huwa wa kwanza kujua hita imeanza kuugua, kwa kuwa huitumia saa ambayo sisi wengine bado tumelala.

Kwa kuishi na vifaa hivi, vya tangi na vya bafuni vya papo kwa papo, na kwa kusimama karibu na kila fundi aliyevifungua, nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa: katika mji wetu hita chache hufa kwa uzee. Nyingi huharibiwa na maji yanayoingia ndani yake au na umeme unaoifikia, na fundi anayebadilisha koili, yaani kipande cha ndani kinachopasha maji, bila kuuliza maji yanatoka wapi na waya una unene gani huwa ametengeneza nusu ya ubovu, na nusu iliyobaki itamrudisha baada ya muda mfupi. Baadhi yao, sina shaka, hawachukii kurudishwa.

Nianze na maji. Maji ya bomba tunayoletewa na Tanga UWASA hutoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na hukingwa katika Bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa. Maji ya visima ni habari nyingine. Ardhi ya ukanda huu ina mawe mengi ya chokaa na matumbawe; ni mawe ya chokaa ambayo maji yameyachimba kwa muda mrefu hadi yakawa Mapango ya Amboni, na ni chokaa hiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Maji yanayokaa ndani ya mawe hayo huyeyusha kalisi, yaani madini ya chokaa, na kuibeba bila kuonekana kwa macho. Kwa nyumba zilizo karibu na ufuko, kisima huweza pia kuingiliwa na chumvi ya bahari, na hapo huhitaji maabara, kwa sababu ulimi hutosha.

Maji yenye kalisi yakipashwa moto, kile kilichoyeyuka hugeuka tena kuwa jiwe, na hujishika mahali palipo na joto kali zaidi, yaani juu ya koili. Ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye koili kwenda kwenye maji, kwa hiyo koili hupata moto kupita kiwango ilichotengenezewa, ganda lake hupasuka, na maji huufikia waya uliomo ndani. Kabla ya kufikia hapo hita hutoa taarifa. Utaisikia ikipasuka-pasuka ndani kama bisi zilizo jikoni, kwa sababu maji yaliyonaswa chini ya ukoko hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Utaona maji yanachelewa kupata moto kuliko zamani. Na tangi likimwagwa, chembe nyeupe zitatoka pamoja na maji. Anayetaka kujua hali ya hita yake bila kuifungua aangalie birika la umeme la jikoni, maana birika hilo na hita hunywa maji ya namna moja, na kama birika lina utando mweupe usiotoka kwa kusugua, koili ya hita nayo haiko salama.

Ukoko huu hauondolewi kwa kisu wala kwa nyundo, ingawa nimeona vyote viwili vikitumika. Umeme ukiwa umekatwa, tangi hupoa na kumwagwa, koili hufunguliwa na kulowekwa katika siki au katika maji yenye unga wa asidi ya sitriki, ile iliyomo ndani ya ndimu, hadi chokaa iyeyuke yenyewe kwa kutoa mapovu. Baada ya hapo huoshwa kwa maji safi, na gasketi yake hubadilishwa, kwa kuwa raba iliyokwisha kubanwa na kupata moto kwa muda mrefu haikubali kuziba mara ya pili. Anayetumia kisima afanye hivyo kila mwaka. Anayetumia maji ya bomba peke yake anaweza kungoja zaidi. Kuna njia nyingine ya kupunguza ukoko ambayo haigharimu kitu, nayo ni kutoipandisha themostati, yaani kidhibiti joto, hadi mwisho. Kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto ndivyo kalisi inavyoganda kwa haraka, na nyuzi 60 zinatosha nyumba yoyote. Chini sana ya hapo pia si vizuri kwa hita ya tangi, kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyotuama huweza kukuza bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Maji ya nyuzi 60 yenyewe humwunguza mtu mzima kwa sekunde chache na mtoto kwa haraka zaidi, kwa hiyo kuyachanganya na ya baridi kabla ya kumwogesha mtoto ni lazima.

Chumvi nayo ina kazi yake nyingine, na hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Ndani ya hita ya tangi la chuma lililopakwa enameli kuna fimbo ya magnesiamu iitwayo anodi. Fimbo hiyo imewekwa ili iliwe yenyewe na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu huhamia kwenye chuma penye nyufa ndogo za enameli, na siku moja utaona tone chini ya hita lisilotoka kwenye kiungo chochote. Katika maji yenye chumvi anodi huisha mapema sana. Bei yake ni ndogo na kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi, kwa kuwa mara nyingi imefungwa kwenye sahani ileile inayobeba koili, lakini sijapata kumwona fundi aliyeileta bila kuombwa. Mwulize anayefungua hita yako: “Fundi, anodi imebaki kiasi gani?” Akikuuliza anodi ni nini, umejifunza jambo kuhusu fundi huyo. Wapo wanaokimbilia matangi ya chuma kisichoshika kutu wakidhani wameepukana na shida hii. Kwa maji ya bomba ni chaguo zuri, ila chumvi ya bahari hutoboa hata chuma hicho, tena kwa vitundu vidogo vinavyoanzia kwenye maungio yaliyochomelewa.

Maji ya kahawia yana kipimo chake. Fungua bomba la baridi na la moto, kila moja kwenye chombo chake cheupe. Yote mawili yakiwa na rangi, tatizo liko kwenye mabomba, kwenye tangi la juu au kwenye chanzo, jambo la kawaida wakati wa masika mito inapobeba udongo. Yakiwa na rangi yale ya moto peke yake, tangi la hita limeanza kuliwa. Harufu ya mayai viza nayo ina asili yake. Sisi tuliokulia hapa tunaijua kutokana na chemchemi za maji moto za Galanos, karibu na Amboni, ambako salfa hutoka ardhini kwa asili; ndani ya hita harufu hiyo hutokana na bakteria wanaokula salfeti iliyomo kwenye maji, wakisaidiwa na anodi ya magnesiamu. Kupasha tangi hadi nyuzi 60 au zaidi kwa saa kadhaa na kuyamwaga maji hayo huwaua, na harufu ikirudi, anodi ya alumini yenye zinki huwekwa badala ya ile ya magnesiamu. Kuing’oa anodi kabisa, kama wafanyavyo wengine, huondoa harufu na huondoa pia tangi baada ya muda.

Sasa umeme. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa majirani ni kwamba hita “haichemshi”, na hatua ya kwanza huwa kutafuta koili mpya. Kabla ya hapo inafaa kupiga hesabu. Tangi la lita 50 lenye maji ya nyuzi 25 huhitaji takriban yuniti 2 za umeme ili kufika nyuzi 60; koili ya wati 1,500 huimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja na dakika 20 hivi. Hapo umeme ni wa volti 230, kama inavyotakiwa. Nguvu ya koili hupungua kwa haraka kuliko volti zenyewe: volti zikishuka hadi 180, koili ileile ya wati 1,500 hutoa wati 920 tu, na maji yaleyale yatahitaji zaidi ya saa mbili. Koili ni nzima, themostati ni nzima, na koili mpya itafanya vilevile. Multimita, yaani kipimo cha umeme, iliyochomekwa kwenye soketi jioni, wakati kila nyumba imewasha kila kitu, itamaliza ubishi huo kabla hujatoa fedha. Na kwa wale wanaoangalia mita ya LUKU kwa wasiwasi, yuniti 2 kila siku ni yuniti 60 kwa mwezi, ilhali kundi la watumiaji wadogo wa majumbani hupimwa kwa yuniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo hita ya tangi ikitumika kila siku, karibu mgao wote huo umekwenda bafuni. Ndiyo maana sisi huiwasha alasiri kwa muda maalumu na kuizima, na tangi lenye sponji nzuri ya kuhifadhi joto huwa na maji ya kufaa hadi alfajiri.

Koili inaweza kupimwa kwa dakika chache na kwa kifaa ambacho kila fundi umeme anapaswa kuwa nacho mfukoni. Umeme ukiwa umekatwa kwenye breka na nyaya zimefunguliwa, koili ya wati 1,500 husoma ukinzani wa omu 35 hivi, ya wati 2,000 husoma omu 26, na ya wati 3,000 karibu omu 18. Kipimo kisiposoma kitu, koili imekatika. Kisha upande mmoja wa kipimo huguswa kwenye ncha ya koili na wa pili kwenye chuma cha hita; hapo hapatakiwi kusoma chochote, na kikisoma, koili inavujisha umeme kwenda kwenye maji na haifai kuwashwa hata kwa siku moja. Fundi mmoja alikuja nyumbani, akaitazama hita yetu akiwa bado amesimama mlangoni, akasema, “Mama, hii imekwisha, tafuta nyingine tu.” Nikamwuliza kama ameipima. “Sijaipima, lakini hizi nazijua.” Nikamwomba aipime kwanza, kwa heshima, huku mama mkwe akisikiliza kutoka barazani. Kipimo kikasoma omu 35. Kilichoharibika kilikuwa kituo cha kufungia waya, ambacho skrubu yake ililegea, ikapata moto, na plastiki ikawa nyeusi. Tulinunua kituo kipya, akakikaza, akalipwa ujira wake, na mama mkwe akamwongezea chai.

Skrubu iliyolegea, kwa kweli, imechoma hita nyingi kuliko radi. Waya mwembamba unafuata. Mafundi wetu wenyewe wanasema waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa na wa 2.5 ni wa soketi, lakini mara kwa mara unakuta hita ya bafuni ya papo kwa papo, yenye wati 5,500, imevutiwa umeme kutoka soketi ya jirani. Hita hiyo huvuta karibu ampia 24, na plagi ya kawaida imetengenezwa kwa ampia 13, kwa hiyo kuyeyuka kwa soketi hakupaswi kumshangaza mtu. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, wa milimita za mraba 4 kwa umbali mfupi au 6 kwa umbali mrefu, breka yake, na swichi inayokata nyaya zote mbili ikiwa nje ya bafu. Hita ya tangi ya wati 1,500 haina madai makubwa kiasi hicho, kwani huvuta ampia zisizofika 7, lakini nayo hustahili swichi yake yenyewe.

Hita za papo kwa papo, zile za kichwa cha bomba la mvua, ndizo nyingi zaidi kwenye nyumba ninazozijua, kwa sababu ni rahisi kununua na hazihitaji nafasi. Ndani yake kuna koili iliyo wazi, maji huigusa moja kwa moja, na kuna utando wa mpira unaosukumwa na presha ya maji ili kuunganisha umeme. Karibu kila ubovu wake unaeleweka ukikumbuka mambo hayo mawili. Ukifungua maji yakatoka ya baridi, mara nyingi presha haitoshi kuusukuma utando: kila mita 10 za kimo cha tangi hutoa presha ya baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya bafu hutoa baa 0.2 tu, na kama vitundu vya kichwa vimezibwa na mchanga au chokaa, hali huwa mbaya zaidi. Kufungua kichwa, kusafisha chujio na vitundu kwa siki, na kupandisha tangi ikiwezekana ni matengenezo yanayotangulia kununua kitu chochote. Maji yakitoka ya moto mno, kumbuka kwamba hita hii haina tangi wala akiba, na joto la maji hutegemea wingi wake. Unayapooza kwa kufungua bomba zaidi, kinyume cha mkono wa wengi unavyofanya.

Koili ya hita hizi huungua hasa siku maji yanaporudi baada ya kukatika. Mabomba huwa yamejaa hewa, hewa hiyo huusukuma utando, umeme huungana, na koili huwaka pasipo maji ya kuipooza. Huungua kwa sekunde. Kinga yake ni kuzima swichi maji yanapokatika na kuyaacha yatiririke hadi yatoke bila kukohoa kabla ya kuiwasha tena. Jambo hili tumelifanya kuwa sheria ya nyumba, na watoto wanalijua kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha. Koili mpya ya hita hizi huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini, na hubadilishwa bila kununua kichwa kizima, mradi uende na ile ya zamani mkononi na ulinganishe wati na umbo.

Kuhusu kupigwa shoti ndani ya bafu, nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni jambo ambalo watu hulizoea. “Inapiga shoti kidogo tu ukishika koki,” huniambia jirani, kana kwamba ni tabia ya kifaa. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, na koili iliyo wazi ndani ya maji ya kisima cha pwani huvujisha umeme zaidi kuliko koili hiyohiyo kwenye maji ya bomba. Ndiyo maana watengenezaji wa hita hizi huandika kwenye karatasi zao kiwango cha maji yanayofaa. Umeme huo unaovuja unapaswa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi. Katika nyumba nyingi za zamani, na nyingine mpya zilizojengwa kwa haraka, waya wa kijani na njano wa hita umekatwa na kufungwa kwa tepu, au umeunganishwa na bomba la maji ambalo leo ni la plastiki na halifiki popote. Kinachotakiwa ni ethi halisi iliyopimwa, pamoja na kifaa kinachokata umeme pale unapovuja milliampia 30, kinachofungwa kwenye mein swichi. Kikishaanza kukata mara kwa mara, usimwombe fundi akitoe ili “umeme usisumbue”. Kinakuambia kwamba kuna koili iliyopasuka. Na kwa nyumba yenye kisima cha chumvi, maoni yangu ni kwamba hita ya koili iliyo wazi isifungwe kabisa. Tangi lenye koili iliyofunikwa ni salama zaidi hata kama gharama yake ni kubwa.

Kwenye hita ya tangi kuna kifaa kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye bomba la kuingizia maji baridi, chenye mkono mdogo na tundu la pembeni. Hii ni valvu ya usalama, na kazi zake ni mbili. Huzuia maji ya tangi yasirudi nyuma maji ya bomba yanapokatika, kwa sababu tangi likijimwaga kinyumenyume koili hubaki hewani na kuungua. Pia hutoa maji nje presha inapozidi. Maji hupanuka yanapopata moto; lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Kwa hiyo valvu inayodondosha matone hita inapowaka, kisha ikanyamaza, ni nzima. Inayodondosha usiku na mchana ina uchafu au imechoka, na hubadilishwa. Kinachonitia hofu ni fundi bomba anayekerwa na matone hayo akaliziba tundu kwa plagi na tredi tepu. Themostati ikija kugoma na maji yakapita nyuzi 100 ndani ya tangi lililozibwa, siku litakapopasuka sehemu ya maji hayo itageuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta wa bafu hauwezi kustahimili hilo. Kila baada ya miezi michache inua mkono wa valvu maji yatoke kidogo, ili chokaa isiigandishe, na tundu lake liwekewe mpira unaoelekea sakafuni.

Themostati inayogoma huonekana mapema pia. Mvuke ukitoka bombani, au maji yakiwa ya moto kiasi cha kuchemka, zima kwenye breka na uite fundi. Hita nyingi zina kitufe kidogo chekundu chini ya kifuniko, ambacho hukata umeme joto likizidi. Kinaweza kubonyezwa kurudishwa, na kama kitaruka tena, kisibonyezwe tena hadi sababu ipatikane.

Nimesema fundi umeme na fundi bomba kana kwamba ni watu wa kazi mbili tofauti, na kweli ndivyo walivyo, na hapo pana chanzo cha migogoro mingi. Fundi bomba huunganisha maji na kuacha nyaya zikining’inia; fundi umeme hufunga nyaya na kuwasha kabla tangi halijajaa; kila mmoja humlaumu mwenzake mbele ya mwenye nyumba. Sisi huwaita siku moja, wote wawili. Bomba la kutolea maji moto huangaliwa kama ni PPR (plastiki inayohimili maji moto) iliyochomelewa, maana bomba la kawaida la plastiki la maji baridi hulegea na kupinda. Tangi hujazwa, bomba la moto hufunguliwa hadi maji yatoke bila hewa, ndipo fundi umeme aruhusiwe kugusa breka. Kwa upande wa umeme, mwulize fundi kama ana leseni ya EWURA, kwani ndiyo mamlaka inayowapa mafundi umeme leseni. Vijana waliosoma VETA hawaoni aibu kuonyesha karatasi zao. Spea inunuliwe na wewe mwenyewe au mbele yako, yenye alama ya TBS inapostahili, pamoja na risiti ya mashine, kwa kuwa bila risiti waranti ni maneno matupu. Na spea ya zamani ibaki kwako. Fundi anayeng’ang’ania kuondoka na koili “mbovu” aulizwe anaipeleka wapi.

Hita za gesi nitazigusa kidogo tu. Nyingi huwashwa kwa betri mbili kubwa za tochi, na zikikataa kuwaka, betri ndizo za kuanza nazo kabla ya kumlaumu muuza gesi. Hazifungwi ndani ya bafu hata siku moja, kwa sababu moto wake hula hewa na huweza kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Za jua zinaufaa mji wetu kwa jua tulilo nalo, lakini mirija yake hushika ukoko uleule wa chokaa, kwa hiyo kisima kinachoharibu hita ya umeme kitaiharibu na hiyo ya paani, isipokuwa ile ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye mirija yenyewe.

Likija suala la kutengeneza au kununua mpya, kigezo changu ni tangi. Koili, themostati, gasketi, valvu, anodi na vituo vya nyaya vyote hubadilishwa, na jumla yake mara nyingi haifikii nusu ya bei ya hita mpya. Tangi lililotoboka halitengenezwi. Kuna wanaolichomelea, na moto wa kuchomelea huiunguza enameli iliyolizunguka tundu, hivyo kutu hupata eneo pana kuliko mwanzo, na hita huvuja tena pembeni mwa kiraka. Hita ya namna hiyo huondolewa, hupimwa kwa kilo na mnunuzi wa chuma chakavu, na koili yake, kama bado inasoma omu zake, huwekwa kabatini kuwa akiba, baada ya kuandikwa wati zake kwa kalamu ya wino mzito.